Subaru: toka ndege za vita mpaka gasketi ya silinda hedi

Haya wakuu, safari iliyopita niliandika kwamba Subaru haina ubaya wowote ila inataka mtu anayejua imeundwaje, basi maswali yakamiminika, na matusi kidogo juu yake, sawa tu. Nimeokota machache nayajibu kwa zamu. Yale ya "Subaru na Toyota ipi bora" nimeyaruka, hayo hayataisha mpaka kiama.

Swali: Kaka, eti ni kweli hawa Subaru kabla ya magari walikuwa wanaunda ndege? Kuna jamaa kijiweni anabisha, tumewekeana soda. (Morogoro)

Dai soda yako mapema kabla hajapotea. Kampuni ilianza 1917 kule Ota, mkoa wa Gunma, na aliyeianzisha ni Chikuhei Nakajima, ofisa wa jeshi la majini aliyeacha kazi akaenda kuunda ndege. Kufika vita vya pili vya dunia Nakajima ilishakuwa moja ya kampuni kubwa kabisa za ndege Japani, wao ndo walounda ndege ya kivita ya Hayabusa, na injini yao ya Sakae ndo iliyokuwa inarusha zile ndege za kivita za Zero za Mitsubishi. Japani ikashindwa vita 1945, kuunda ndege ikapigwa marufuku, sa fikiria una kiwanda kimejaa mainjinia wa ndege na hamna ndege ya kuunda. Stoo kulikuwa na matairi madogo ya mkiani ya ndege za mabomu za Ginga, wakayachukua wakayafungia skuta, wakaiita Rabbit, 1946 hiyo, watu hawana usafiri wowote, ikauzika.

Baadaye kampuni ikakatwakatwa vipande kwa amri ya wale waloshinda vita, halafu 1953 vipande vitano vikarudi kushikana vikazaa Fuji Heavy Industries. Kampuni nzima kuitwa Subaru ni juzi tu 2017, walipotimiza miaka 100. Na ndege hawakuacha, ile sehemu ya katikati inayoshika mabawa ya Boeing 787 inatengenezwa na haohao, kwa hiyo ukipanda dege hilo umekalia Subaru kidogo, mwambie na hiyo jamaa yako.

Swali: Zile nyota kwenye nembo, moja kubwa na tano ndogo, zina maana gani? (Mtwara)

Ni Kilimia, lile kundi la nyota, ndo Wajapani wanaiita Subaru. Jina alilichagua rais wa kwanza wa kampuni, Kenji Kita. Zile tano ndogo ni zile kampuni tano nilizosema hapo juu, kubwa ni Fuji Heavy iliyotokea. Basi.

Swali: Habari kaka, mi niko Minnesota mwaka wa tatu sasa, huku kila nyumba ya pili ina Subaru hasa kwenye theluji, nyumbani nilizoea kusikia ni gari la vijana wa fujo. Ilikuwaje? (Minnesota)

Mwanzo wao huko ulikuwa wa aibu, dada. Gari yao ya kwanza kuuzika kwao Japani ilikuwa Subaru 360 ya 1958, kagari ka sisi (cc) 356, injini nyuma, nguvu farasi 16, kana mgongo wa duara mpaka Wajapani wakakabatiza jina la kale kadudu kazuri kekundu kenye madoa meusi. Aliyeisimamia kazi ni injinia Shinroku Momose ambaye naye katokea kwenye ndege, ndo maana kana uzito wa kilo mia tatu na themanini na kitu tu na paa lake ni faibaglasi. Kwa barabara za Japani za wakati ule safi kabisa. Mwaka 1968 Mmarekani mmoja, Malcolm Bricklin, na mwenzake Harvey Lamm wakaanzisha kampuni ya kukaleta Marekani, huko kwenye hayo magari makubwa kama maboti, ya injini za V8, na mwaka uliofuata jarida la Consumer Reports likakapima likasema halikubaliki. Wakabaki nazo.

Kilichowaokoa ni theluji yenyewe. Kaskazini mwa Japani kuna shirika la umeme, Tohoku, mafundi wake walikuwa wanapanda milimani majira ya baridi na gari la jeep, jeep lenyewe baridi, linarusha watu, wakaomba gari ya kawaida yenye hita ila inayovuta tairi zote nne. Wakala wa Subaru wa Miyagi wakaichukua stesheni wagoni yao wakaifungia diferensho ya nyuma, makao makuu wakaona kumbe hii ni biashara, 1972 ikatoka Leone 4WD. Ilipofika kwenu huko wenye milima na theluji wakaielewa bila kuhubiriwa. Kuanzia modeli za 1996 na 1997 wakaamua kila Subaru inayouzwa Marekani iwe inavuta zote nne, na kiwanda wanacho Lafayette, Indiana.

Ah, na nimekumbuka, ukikutana na pikapu ndogo ya zamani inaitwa BRAT yenye viti viwili vya plastiki nyuma kwenye bodi vimetazama nyuma, usicheke. Marekani ilikuwa inatoza pikapu za nje ushuru wa asilimia 25, wajanja wakachomelea viti ili isomeke ni gari ya abiria. Rais Reagan naye alikuwa nayo shambani kwake.

Swali: Kwa nini Impreza inanguruma vile, ni muffler tu au kuna kitu? (Thika)

Kuna kitu. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kulia mbili kushoto, pistoni zinatoka na kurudi zikitazamana kama wanamasumbwi ndo maana inaitwa boksa, na wako nayo hivyo tangu Subaru 1000 ya 1966. Faida yake uzito unakaa chini gari haipepesuki kwenye kona. Sasa ule mngurumo unatoka kwenye manifoldi ya ekzosi, kwenye hizi turbo za zamani bomba za upande mmoja ni ndefu kuliko za upande wa pili, moshi unafika kwa kupishana, unapata ile dugu-dugu-dugu. Ushahidi ni huu: Legacy za kuanzia 2003 waliweka bomba za urefu sawa na sauti ikapotea. Kwa hiyo ukitoboa muffler ya Legacy hiyo unapata kelele tu, majirani watakuchukia bure.

Swali: Shikamoo kaka, nina Forester 2.5 ya 2004, maji yanapungua rejeta na sioni panapovuja, juzi imechemsha Wami, fundi anasema nibadili rejeta. Nibadili? (Dar)

Marahaba. Usitoe hata senti kwanza, na usiiendeshe.

Hiyo injini ni EJ25 na gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, ndo donda lake. Walipotaka kuitoa sisi 2000 kwenda 2500 walipanua silinda, EJ20 ina tundu la milimita 92, EJ25 ina 99.5, ila bloku ni saizi ileile, kwa hiyo nyama ya gasketi kukaa kati ya tundu na tundu imepungua. Halafu injini yenyewe imelala, oili na maji vinajikusanya kwenye ukingo wa chini wa gasketi, miaka inavyokwenda panalegea. Gari ya EJ20 isiyo na turbo haina shida hii kwa kiasi hicho, ndo maana unaona mtu na Forester ya 2.0 ya umri uleule anakucheka.

Kabla ya fundi yeyote hajafungua nati fanya hivi. Asubuhi injini ikiwa ya baridi toa mfuniko wa rejeta, jaza kulanti, rudisha mfuniko, washa, iache ipate moto huku unaangalia lile kopo la akiba pembeni. Hewa kidogo mwanzoni ni kawaida. Ila ikishapata moto kama mapovu bado yanapanda mfululizo na ukinusa kuna harufu ya moshi, gesi ya silinda inaingia kwenye maji, gasketi ya hedi hiyo. Pili ingia uvunguni na tochi, tazama pale silinda hedi inapokutana na bloku, upande wa chini, kushoto hasa. Utaona mstari mweusi wa oili umeganda na vumbi, na wakati mwingine ukoko mweupe au wa kijani pembeni yake, hiyo ni kulanti iliyokaukia hapo. Ukikuta huo ujue fundi wako wa rejeta anakufanya mtaji.

Ukiamua kutengeneza, tengeneza mara moja. Injini ishushwe, watakwambia inawezekana ikiwa humo humo, ndiyo inawezekana ila huwezi kusafisha uso wa bloku vizuri umeinama pembeni ya chesisi. Hedi zote mbili zipelekwe kupimwa na kupigwa msasa wa mashine, hata kama imevuja moja. Gasketi weka ya chuma ya tabaka tabaka, usiweke ile ya tabaka moja iliyopakwa grafaiti iliyokuja nayo. Hapohapo taiming belti, wota pampu na temostati, maana umeshalipa ufundi wa kufika huko. Na wakati wa kujaza maji pale juu ya rejeta pembeni kuna kiskrubu cha plastiki cha kutolea hewa, kilegeze, jaza taratibu mpaka maji yatoke hapo, fundi akijaza haraka haraka hewa inabaki ndani, gari inachemsha tena kesho yake na utaambiwa gasketi ilikuwa feki. Nimeona gari imeshushwa injini mara ya pili kwa sababu ya hewa tu. Inauma.

Swali: Tairi moja ya Legacy yangu imepasuka, zingine tatu bado zina nyuzi nusu. Nimenunua moja mpya, muuzaji anasema haina neno. (Mwanza)

Ina neno tena kubwa. Tairi mpya ni pana mzunguko kuliko iliyolika, gari inavuta zote nne muda wote, diferensho ya kati inaona tairi moja inazunguka tofauti inadhani umekwama kwenye tope, inafanya kazi masaa yote mpaka inaungua. Kampuni yenyewe inataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi. Dalili utaisikia ukikata kona kali parkingi, gari inajivuta kama kuna mtu kashika breki. Tafuta tairi ya mtumba aina ileile iliyolika sawa na wenzake, au nunua nne.

Na kwa wenye otomatiki za gia nne za zamani, fungua boneti tazama boksi la fyuzi, kuna nafasi wazi imeandikwa FWD, ukifunga ile spea nyembamba chomeka fyuzi hapo, gari itavuta mbele tu mpaka ufike kwa fundi wa tairi. Watu wanaendesha miaka kumi hawaijui.

Swali: Mimi ni mzee wa Nakuru, nakumbuka Safari Rally moja kagari kadogo sana ka Subaru kalipita hapa kakipiga kelele kama nyuki, vijana wangu wanasema nimeota. (Nakuru)

Hujaota mzee wangu, shikamoo. Hiyo ni 1993, Subaru walileta Vivio, injini ya sisi 658 yenye supachaja, kuja kushindana na Celica za Toyota. Mmoja wa madereva alikuwa Colin McRae ndo kwanza kijana, mwanzo mwanzo aliwasumbua wakubwa kweli halafu gari ikamfia, ila Patrick Njiru wenu alikafikisha mwisho, nafasi ya 12 na akashinda kundi lake. Njiru huyohuyo 1990 alimaliza wa 8 na Legacy ya Kundi N, yaani gari karibu sawa na ya dukani, na kabla yake hakuna gari ya kundi hilo iliyowahi kuimaliza Safari. Miaka ile hata kumaliza tu ulikuwa ushindi.

Baadaye ndo zikaja Impreza za buluu zenye namba 555 ya manjano, watu wengi wanadhani ni namba ya injini, ni sigara hiyo, mdhamini. McRae akaichukua Safari 1997, Richard Burns 2000. Subaru wakatoka kwenye mashindano ya dunia mwisho wa 2008, na walipofunga uzalishaji wa STI (zile zao za kasi) za EJ20 kwao Japani toleo la mwisho walitoa gari 555 kamili. Waambie vijana.

Swali: Nataka kuagiza Forester, niangalie nini? Na ni kweli Toyota wameinunua Subaru? (Mombasa)

Hawajainunua, wana hisa asilimia 20. Walianza 2005 GM, ile kampuni ya magari ya Marekani, ilipokuwa inauza hisa zake za Subaru.

Kwenye kuagiza, za kuanzia mwisho wa 2010 zisizo turbo zilianza kuja na injini mpya za FB, hizi zina cheni badala ya taiming belti na ile shida ya gasketi ilipungua sana, ila za miaka ya mwanzo zina tabia ya kunywa oili, Marekani wenye magari walienda mpaka mahakamani. Sio kusema usinunue. Ila chomoa kijiti cha oili kila ukijaza mafuta, usingoje taa. Kwenu Kenya kwa sheria ya miaka 8 hizo za mwanzo huwezi kuziingiza tena, utazikuta mkononi mwa mtu, muulize mara ya mwisho aliongeza oili lini, akijibu "haijawahi kuguswa" ondoka. Huku kwetu Tanzania bado tunaingiza za zamani tukakubali kodi ya uchakavu, sasa ukipata ya EJ badili belti ikitua, kilomita za kwenye dashibodi usiziamini, belti ikikatika vavu na pistoni zinakutana.

Swali: Fundi kaniambia plagi za Subaru ufundi wake ni mara mbili ya Toyota, ananipiga? (Dodoma)

Mara mbili hapana, ila muongezee kidogo. Plagi ziko ubavuni, zimetazama chesisi, mkono hauingii, lazima atoe betri na boksi la hewa na aunganishe spana vipande vipande. Akishachomoa mwambie akuonyeshe, kama plagi imetoka imelowa oili juu juu basi mpira wa taped kava umekufa, abadilishe hapohapo asije akakutoza kufungua mara ya pili.