Mgeni anamtaka besi, Hombolo kuna kambale

SWALI: Shikamoo mzee. Nina mtumbwi hapa Hombolo, huwa nawatembeza watu wa mjini bwawani siku za mapumziko. Mwezi ujao anakuja Mmarekani anayevua kwa inzi bandia wa manyoya. Ameandika kwamba anamtaka samaki aitwaye besi, na malipo yake ni mazuri. Wenzangu wananiambia nimkubalie tu, akifika atajionea. Nifanyeje? – Kijana wa Hombolo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwandikie leo, kabla hajakata tiketi, kwamba besi (si ile ya kwaya) Hombolo hayupo. Huyo asili yake ni Marekani Kaskazini. Kwa majirani zetu yuko Ziwa Naivasha, Kenya, alikopandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Bwawa letu ni la perege na kambale. Mimi niliwahi kunyamaza namna hiyo, nikampokea mgeni aliyefuata samaki asiyekuwepo. Siku ya kwanza alicheka. Ya pili hakunisemesha, na chai yangu hakunywa.

Mwambie kilichopo, wengi hukubali. Perege mtafuteni alfajiri kando ya matete, kwa inzi mdogo asiyezidi punje ya mchele, azame polepole. Kambale ni kazi: hunusa na kupapasa kwa sharubu kuliko kuona, na manyoya hayana harufu. Inzi mkubwa mweusi, karibu na tope, jua likizama. Atangoja sana, naye ajue hivyo mapema.

Sasa upepo, maana huo ndio utakaokutoa jasho. Katika uvuvi huu kinachorushwa ni uzito wa mshipi wenyewe. Ndoano ni nyepesi, inafuata tu. Kabla ya kwenda mbele, mshipi hupita nyuma, na nyuma umekaa wewe na kasia lako! Sikio langu la kushoto lina alama hadi leo. Kwa hiyo usimrushishe kuelekea omo, yaani mbele ya mtumbwi. Geuza mtumbwi ubavu, arushe kukata upande, mshipi usipite juu ya kichwa chako. Kama anatumia mkono wa kulia, upepo umpige kutoka kushoto, uupeleke mshipi mbali na mwili wake. Dodoma unaijua: ikifika saa tano upepo haukusikilizi tena, basi muwe majini saa kumi na mbili asubuhi. Vaeni kofia na miwani wote wawili, na kabla ya kusukuma mtumbwi bana kile kijino cha ndoano kwa koleo kilale. Ikikuchoma, itatoka bila ugomvi.

Leseni ulizia kwa afisa uvuvi, usisubiri aje kukuuliza mbele ya mgeni. Bei panga kwa siku, kamwe usipange kwa samaki.

Jambo moja watu wa ufukweni watalishangaa: wageni wa aina hii wengi humrudisha samaki majini. Usimcheke. Lowesha mikono kabla ya kumshika, usimkamue tumbo, mwachie taratibu. Ila mweleze tangu asubuhi kwamba perege wawili wa kwanza hawarudi, maana mama wa pale mwaloni keshabandika kikaango.