Mnauliza vyeo vya jeshi, najibu (la kapteni ni mara ya mwisho)

Maswali yamejaa na nusu yake ni lile lile limevaa nguo tofauti, kwahiyo naanza nalo ili liishe.

Swali: Kapteni wa jeshi la nchi kavu na kapteni wa jeshi la majini, nani mkubwa?

Wa majini, tena sio kwa kidogo, kamzidi mwenzake ngazi tatu. Hesabu nchi kavu: kapteni, meja, luteni kanali, kanali. Kapteni wa majini anakaa pale kwa kanali. Huyu wa nchi kavu anaongoza kombania, yani watu mia na kitu, wakati ile meli ya Marekani ya kubebea ndege yenye watu kama 5,000 ndani inaongozwa na kapteni wa majini. Hawa wawili ukiwaweka meza moja jina ni moja na mishahara ni dunia mbili. Luteni nao hivyo hivyo, Luteni wa jeshi la majini la Marekani au la Uingereza analingana na kapteni wa nchi kavu, sio na luteni mwenzake.

Chanzo ni kwamba neno kapteni limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kichwa, na zamani yeyote aliyeongoza kundi aliitwa hivyo. Nchi kavu makundi yakaongezeka juu yake, ikaja rejimenti, ikaja brigedi, kapteni akabaki chini na kombania yake. Baharini meli ina kichwa kimoja tu, na meli zilivyokua kubwa kichwa kikakua nazo. Afu mjue pia kwamba anayeongoza chombo, hata kama cheo chake ni luteni, mabaharia wake watamuita kapteni akiwa humo ndani. Huo ni wadhifa, sio cheo. Nikipata shilingi kila mtu anapochanganya cheo na wadhifa ningeshaacha kuandika.

Na kwa vile mmenigusa hapa niseme jambo ambalo hamkuuliza. Mtu wa karibu yangu alinionyesha simu yake, anachati wiki ya sita na "kapteni wa jeshi la majini la Marekani", miaka 27, mjane, ana mtoto mmoja, anataka kuoa. Nikamwambia nipe picha. Kwenye picha jamaa kavaa kombati, kifuani imeandikwa U.S. ARMY, yani jeshi la nchi kavu la Marekani, kati ya kifua kuna vijiti viwili. Jeshi la majini liko wapi hapo? Vijiti viwili ni kapteni wa nchi kavu, kapteni wa majini wa Marekani alama yake ni tai. Na miaka 27 haiwezekani, cheo kile mtu anakifikia akiwa na utumishi wa miaka ishirini na kitu. Jamaa alikuwa anaomba hela ya "kulipia likizo". Jeshi halimuuzii askari wake likizo, jamani. Picha kaiba kwa askari wa kweli ambaye hana habari. Mblock.

Swali: Kwanini Luteni Jenerali ni mkubwa kuliko Meja Jenerali, wakati Meja ni mkubwa kuliko Luteni?

Kwasababu Meja Jenerali zamani alikuwa Sajenti Meja Jenerali. Sajenti ikakatwa, meja ikabaki inawachanganya watu karne na karne. Luteni maana yake ni anayeshika nafasi ya mwingine, kwahiyo Luteni Jenerali ni wa pili kwa Jenerali mwenyewe, na huyo sajenti meja anafuata chini yao. Basi.

Swali: Jenerali wa nyota mbili wa Ufaransa na jenerali wa nyota mbili wa Marekani si wako sawa tu?

Hawako sawa na hapa ndipo watu wanaponimaliza. Kuhesabu nyota bila kujua ni nyota za nani ni kazi bure. Ufaransa jenerali wa chini kabisa, yule wa brigedi, anaanza na nyota mbili, wa divisheni ana tatu, anayefuata nne, wa juu yao tano. Kwahiyo Mfaransa wa nyota mbili analingana na Mmarekani wa nyota moja, na Mfaransa wa tano ndiye mwenzake wa Mmarekani wa nne. Ukimuona jenerali wa nyota tano kwenye nchi iliyorithi mtindo wa Kifaransa usikimbilie kusema kalingana na Eisenhower, yule Mmarekani wa nyota tano wa vita kuu ya pili.

Urusi wao hawana brigedia jenerali. Ukitoka kanali unaingia moja kwa moja kwa Jenerali Meja, nyota moja kubwa begani. Mtafsiri akiona hivyo anaandika "Meja Jenerali", msomaji anamuweka kwenye nyota mbili za Kimarekani, kosa limeshaingia. Ujerumani ya vita kuu ya pili ndio kichekesho zaidi, Jenerali Meja wa jeshi la nchi kavu alikuwa hana nyota hata moja begani, ni ile kamba ya dhahabu iliyosukwa tu, nyota ya kwanza ilikuja kwa Jenerali Luteni. Sasa wewe unayehesabu nyota huyo utamuweka wapi, kwa kruta?

Na ile nyingine ya kila siku: mtu kaona afisa ana nyota tatu begani anaandika "jenerali wa nyota tatu". Kwenye majeshi yaliyofuata mtindo wa Uingereza, nyota tatu ndogo peke yake ni kapteni! Yule kijana ana miaka thelathini umeshampandisha hadi Luteni Jenerali. Kabla hujahesabu, tafuta kwanza kama kuna panga na fimbo zimepishana, hapo ndio useme jenerali.

Swali: Brigedia ni jenerali au sio?

Uingereza sio, Marekani ndio. Waingereza walikuwa na Brigedia Jenerali wakamfuta baada ya vita kuu ya kwanza, mwaka 1928 wakaja na Brigedia mtupu, ambaye anahesabika afisa mwandamizi na sio jenerali. Ndio maana Kenya wanasema Brigedia na Tanzania wanasema Brigedia Jenerali. Ngazi ni ile ile, wakikutana mkutanoni hakuna anayemsimamia mwenzake, kwahiyo acheni kubishana.

Swali: Marshali wa Anga ni sawa na Fildi Masho?

Hapana! Fildi Masho ni cheo cha nchi kavu kilicho juu ya Jenerali. Jeshi la anga la Uingereza lilijitungia majina yake mwaka 1919 maana halikutaka kuazima ya wenzake, na wakalitumia neno marshali kwa ukarimu mno. Wana Makamu Marshali wa Anga, huyo ni sawa na Meja Jenerali. Marshali wa Anga ni sawa na Luteni Jenerali. Marshali Mkuu ndio Jenerali kamili, na wa kulingana na Fildi Masho yuko juu yao wote. India, Pakistan na Nigeria wanafuata hivyo hivyo. Ghana pia, Jerry Rawlings aliingia madarakani 1979 akiwa Flaiti Luteni, watu wanasikia luteni wanadhani alikuwa wa chini kabisa, kumbe ni kapteni kwa hesabu ya nchi kavu.

Wamarekani hawakuhangaika, jeshi lao la anga linatumia majina ya nchi kavu. Kenya wamekwenda mbali zaidi, hata wanamaji wao wanatumia ya nchi kavu, ndio maana wakuu wao wa majeshi, Samson Mwathethe aliyetoka jeshi la majini akaitwa Jenerali na sio Admirali, na Francis Ogolla aliyekuwa rubani naye Jenerali. Kwa mimi mpango huo ndio wenye akili, unamuokoa kila mtu na swali la kwanza hapo juu.

Swali: O-5 na OF-5 ni kitu kimoja?

Sio. O-5 ni daraja la mshahara la Marekani, luteni kanali. OF-5 ni namba ya NATO, ule umoja wa kijeshi wa Marekani na wenzake wa Ulaya, nayo ni kanali. NATO wamewaweka maluteni wote wawili, Luteni Usu na Luteni, kwenye OF-1, kwahiyo kuanzia hapo namba za Marekani zinatangulia kwa moja mpaka O-10 dhidi ya OF-9. Hizi namba ndio mzitumie mkitaka kulinganisha, achaneni na majina na nyota.

Swali: Fildi Masho ana nguvu kuliko Rais?

Hana. Ila naona swali lako lilipotoka, maana kuna waliojipachika. Bokassa wa Afrika ya Kati alijifanya Marshali 1974, Idi Amin wa Uganda Fildi Masho 1975, Mobutu wa Zaire Marshali 1982. Upande wa pili Gaddafi wa Libya alikaa miaka arobaini na mbili madarakani na bado anaitwa kanali, na Sankara, rais wa Burkina Faso, alikufa kapteni. Assimi Goïta aliyechukua madaraka Mali alikuwa kanali, Oktoba 2024 akawa jenerali wa nyota tano kwa ruka moja. Ukikuta cheo cha mtu kilipanda baada ya kuingia ikulu, usikitumie kumlinganisha na mtu aliyepanda ngazi moja moja, ni vitu viwili tofauti hata kama alama begani zinafanana.

Swali: Kamishna wa polisi ni sawa na jenerali gani?

Polisi sio jeshi. Linalofuata.

Swali: Sajenti Meja na Luteni Usu nani anampigia mwenzake saluti?

Sajenti Meja anapiga. Ana miaka ishirini kazini, kamfundisha yule kijana hata kufunga buti, lakini kijana ana kamisheni, yani hati ya uafisa, na yeye hana, na saluti inafuata kamisheni. Ila Luteni Usu mwenye akili hamfokei Sajenti Meja. Anamuuliza taratibu.

Swali: Admirali ni neno la Kiingereza au Kifaransa?

Ni Kiarabu, amiri, lenye ile "al" iliyogandia nyuma yake lilipovuka bahari kwenda Ulaya. Ni neno lile lile tunalosema kila siku kwenye Amiri Jeshi Mkuu. Na kabla hujaandika kuniuliza Amiri Jeshi Mkuu ana nyota ngapi: hana, ni wadhifa.