Jibu: Dansa wa baleti miguu ikichoka ndiyo basi?

Ndugu, umeuliza kama dansa wa baleti miguu ikichoka ndiyo basi tena. Hapana! Mtazame Enrico Cecchetti, dansa wa baleti Mwitaliano. Mwaka 1890 huko St. Petersburg, Urusi, katika baleti ya Mrembo Aliyelala, alicheza Ndege wa Buluu mwenye kuruka, na pia Carabosse, mchawi anayesema kwa mikono tu. Katika lugha hiyo ya mikono, kifo huonyeshwa kwa ngumi mbili, vifundo vya mikono vikipishana chini mbele ya mwili. Ukivipandisha kifuani na kufungua viganja, watu watasoma upendo. Usiharakishe, shikilia ishara hadi iwafikie walioketi nyuma kabisa. Kisha Cecchetti akawa mwalimu wa Pavlova na Nijinsky, madansa mashuhuri wa Urusi, kila siku ya juma ikiwa na mazoezi yake maalumu.