Jalada Liliniangusha

Wiki iliyopita kijana mmoja wa fani yetu ya kupima macho aliniandikia: “Shikamoo daktari. Naomba unielekeze, nisome nini nipate ubingwa wa lenzi haraka?” Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilianguka mtihani wa ubingwa huo mara ya kwanza. Bado panauma.

Nilikuwa na miaka tisa ya kupima macho na nikajiona nimeiva. Nikachagua kesi ya kuwasilisha, niliyojivunia: mgonjwa wa keratokonasi, yaani konea, kioo cha mbele cha jicho, imechongoka kama pia, miwani haimfai tena. Nilimvisha lenzi ngumu ya kuvaliwa juu ya jicho, akasoma herufi ambazo hakuwa amezisoma kwa miaka. Alilia, nami nusura nilie. Ripoti niliiandika kwa madaha.

Mtahini hata hakuigusa lenzi. “Ulimuuliza kama anafikicha macho?” Sikumuuliza. “Ramani ya konea, ile picha ya umbo lake, ya mwaka wa kwanza iko wapi?” Haipo. Kumbe nilikuwa nimembadilishia namba za miwani mara tatu kwa miaka miwili, astigmatizimu (ukungu wa uoni unaotokana na konea isiyo na mviringo sawa) ikipanda kila mara, wala sikumpa rufaa ya kukazwa konea kwa matone ya riboflavini na mwanga wa urujuanimno. Lenzi hurudisha uoni tu. Konea huweza kuendelea kuchongoka chini yake. Hayo nilikuwa nayajua tangu chuoni. Kwenye jalada langu hayakuwemo.

Mwenzangu, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kufasiri ramani hizo, alifaulu siku ileile. Nilimpongeza kwa meno tu.

Mwaka uliofuata nilirudi, nikafaulu.

Sasa nisikilizeni. Andikeni! Andika ulichokiona, andika kwa nini umechagua lenzi hii ukaiacha ile, andika lini mgonjwa arudi. Leseni inakuruhusu kupima. Ubingwa unataka kujua unavyofikiri. American Academy of Optometry, chama cha wapima macho cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1922, huwahoji ana kwa ana wanaoomba cheo chake cha felo, yaani mwanachama mbobezi, na njia mojawapo ya kufika hapo ni kuandika ripoti za kesi. Semina ya siku mbili haitakuandikia kesi. Vijana mnapenda cheti cha ukutani kuliko mgonjwa aliyekaa kitini (samahani, lakini ni kweli, na mimi nilikuwa hivyohivyo). Andikeni, narudia.

Kijana nilimjibu: toa majalada yako kumi ya mwisho, uyasome kama ya mtu usiyempenda. Ujumbe ameuona. Hajajibu.