Kabla hujapiga Windows 11, muulize mwenye kompyuta

Vijana, naona flashi zinachomekwa kwenye kompyuta za watu kabla mteja hajamaliza kusalimia. Haya, someni.

1. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Haijafa, inawaka na kazi inafanya, ila matundu ya usalama hayazibwi tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye mpango wao wa nyongeza (ESU). Kompyuta ya kuingilia benki ina haraka. Ile ya kuchapia mitihani ya skuli, isiyojua intaneti, itasubiri.

2. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), na prosesa, kwa Intel kizazi cha nane kwenda juu. Mnayajua.

3. Ulizeni kompyuta inafanya kazi gani. Hapa ndipo nilipoumbuka, Chake Chake. Mzee wa duka la jumla kaleta mashine nzuri, RAM GB 8, lakini imepigwa Windows 10 ya biti 32, isiyotumia zaidi ya GB 4. Nikacheka: fundi gani huyu, nusu ya RAM imelala bure? Windows 11 haina biti 32, na kutoka 32 kwenda 64 hakuna kupandisha juu ya ile ya zamani, ni kufomati tu, yaani kufuta diski na kuanza upya. Nikanakili Desktop na Documents, nikafomati, nikajisifu. Asubuhi mzee ananiuliza, “Mwanangu, ile skrini nyeusi ya madeni iko wapi?” Kumbe ni programu ya enzi za DOS, mfumo wa kabla ya Windows, ya biti 16, imekaa na data zake kwenye folda yake huko C. Windows ya biti 64 haiwezi kuiendesha, ya biti 32 inaweza. Fundi niliyemcheka alijua anachofanya. Na zile siku 10 za kurudi Windows ya zamani ni za aliyepandisha, si za aliyefomati. Mzee hakunigombeza. Alinikalisha juu ya gunia la mchele na daftari jipya, kila mteja anayeingia anaulizwa, “Wewe nakudai ngapi?” Wallahi, mji mzima ulikuwa umeshalipa.

4. Betri mbovu na hakuna UPS (betri ya akiba umeme ukikatika)? Usianze. Umeme wetu mnaujua.

5. Ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la diski, uandikwe kwanza.

6. Printa ya risiti, tafuteni draiva yake (programu ya kuiendesha) kabla, si mteja akishaondoka.

7. Bakapu ni ya diski nzima, si folda mbili. Diski ya nje ya kazi hiyo ipo droo ya chini; aliyeijaza tamthilia azitoe leo.