Jibu: Msimulizi asiyeaminika bila kumtapeli msomaji

Umeuliza kwa nini wasomaji wa rasimu yako walikasirika mpelelezi wako wa kujipachika, ambaye ndiye anayesimulia hadithi, alipogeuka kuwa ndiye muuaji. Kosa ni sentensi moja anayoisema: "Sikutoka nyumbani usiku ule." Huo ni uongo mtupu. Badala yake, mfanye aseme ukweli wenye pengo: "Saa nne nilizima taa. Asubuhi viatu vilikuwa na tope." Msomaji ataliruka tope hilo, kisha alikumbuke baadaye. Panda dalili tatu hivi za namna hiyo, ya kwanza mapema kabisa, na kila moja uifunike kwa kitu kinachovuta macho zaidi, ugomvi kwa mfano. Andika pia ratiba mbili: yaliyotokea kweli, na msimulizi anavyoyakumbuka. Kila tofauti iwe na sababu (pombe, dawa za usingizi, hofu), la sivyo itaonekana umesahau wewe.