Siku mbili Kilwa Kisiwani na Songo Mnara: panga kwa maji, si kwa saa

Ndugu, umeuliza kama watu wanne mkitoka Lindi mjini mnaweza kuzunguka Kisiwani na Songo Mnara, visiwa viwili vya magofu ya kale, siku moja. Inawezekana, ila mtakimbizana bure, chukueni mbili.

Laleni Kilwa Masoko, mji wa bara ng'ambo ya Kisiwani, mkate kibali cha magofu kabla ya kutafuta boti. Kisiwani ni kama kilomita 2 tu, hata dau la tanga linatosha. Msikiti Mkuu na Gereza (ngome ya kale) viko karibu na mnaposhukia. Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, ni mwendo wa miguu, nendeni kabla jua halijawa kali.

Songo Mnara ndiyo yenye kazi. Chukueni boti ya mashine, na mwulizeni nahodha maji yanajaa saa ngapi. Siku za bamvua (mwezi mwandamo au mpevu) maji hutoka sana, hukauka mnamo saa 4 asubuhi, na mkifika wakati huo mtatembea kwenye tope la mikoko. Ndala hunasa, kamba inakatika. Vaeni viatu vya kufunga. Kila mtu abebe maji lita 3. Upepo wa kusi ukivuma, rudini mapema: mchana bahari huchafuka. Bei mpatane ya kwenda na kurudi, mafuta ndani, na jaketi za kuokolea mzione kwa macho.